Makosa ya Mzee Desimali

Wanafunzi walimpa jina la Kwa Hiyo, na jina lenyewe alijitafutia mwenyewe, maana hakuna sentensi aliyoianza bila neno hilo. Akiingia darasani: "Kwa hiyo, habari za asubuhi." Akitoka: "Kwa hiyo, kesho." Walimu wenzake wakalidaka, na mwisho hata mkewe akitaka kumchokoza alimwita hivyohivyo. Alikuwa na miaka thelathini na sita, mrefu, mwenye mwendo wa mtu aliyechelewa mahali. Kwa miaka sita alifundisha hesabu Kidato cha Pili, mkondo wa nne, na kwa miaka sita mkondo huo ulishika mkia.

Si kwamba hesabu hakuzijua. Alizijua mno, na balaa lilianzia hapo. Alikuwa akiugeukia ubao na kuanza kuandika mbio, anaongea na ubao, anaujibu ubao, na mara mojamoja anacheka nao. Watoto walimwacha aende zake. Wa mbele walinakili bila kuelewa, wa katikati walipiga soga za chinichini, na wa nyuma, tuseme ukweli, walilala. Kengele ikigonga, Kwa Hiyo alifuta mikono yake kwenye suruali na kutoka akiamini amefundisha.

Mwanzoni mwa mwaka wa saba mkuu wa shule alimwita ofisini. Alikuwa mama wa maneno machache, na hayo machache hakuyapaka asali.

"Mwalimu, nakupa mpaka mtihani wa katikati ya mwaka. Darasa lako likiwa la mwisho tena, utahamia stoo ya vitabu."

Stoo ya vitabu kila mtu pale aliijua. Kilikuwa chumba kimoja nyuma ya maabara, dirisha moja, rafu mpaka darini. Mwalimu wa mwisho kupelekwa huko alikwenda kuhesabu vitabu kwa wiki mbili. Huu ulikuwa mwaka wa nne na bado anahesabu. Mshahara ungebaki palepale, unga usingemwagika. Lakini Kwa Hiyo, pamoja na ubovu wake wote, aliipenda kazi ya kufundisha. Hakuitaka kazi nyingine yoyote hapa duniani. Alitoka ofisini, akakaa kwenye ngazi kama mtoto aliyefukuzwa darasani.

Nyumbani alimweleza mkewe. Mama Pacha alikuwa msusi, na muda huo alikuwa na kichwa cha mteja magotini, kimesukwa nusu.

"Mimi kusuka nani alinifundisha?" alimuuliza bila kuinua macho. "Nilikaa saluni ya watu miezi mitatu natazama vidole vya mwenye saluni. Yeye alidhani namsubiri dada yangu. Wewe pale shuleni kwenu hakuna mwenye vidole?"

Alikuwepo. Tena alikuwepo hasa! Kidato cha Nne, darasa la mtihani wa mwisho, lilikuwa la mzee mmoja aliyebakiza miaka miwili kustaafu, na darasa hilo kwenye hesabu lilikuwa haliguswi. Wanafunzi walimwita Mzee Desimali, kwa sababu alikuwa mfupi, mdogo kama nukta, lakini akisimama mahali thamani ya kila kitu inabadilika. Hakupiga, hakufoka, hakutoa mazoezi ya kuvunja mgongo. Na bado kila mwaka watoto wake walifaulu mpaka shule jirani zikatuma watu kuuliza wanakula nini.

Kwa Hiyo alimfuata kwenye chumba cha walimu. "Shikamoo, mzee. Kwa hiyo, nilikuwa naomba nikae nyuma ya darasa lako vipindi viwili kwa wiki. Nitazame tu."

Mzee alimwangalia juu ya miwani. "Viti vya nyuma vina misumari. Usije na suruali nzuri."

Basi, Kwa Hiyo akanunua daftari jipya, akakaa nyuma karibu na dirisha, na akaanza kuandika kila kitu pamoja na tarehe. Hakuacha hata chembe. Mzee anaingia haamkii mtu mpaka amefuta ubao mwenyewe. Mzee anavunja chaki vipande viwili kabla ya kuandika. Mzee akiuliza swali ananyamaza, na Kwa Hiyo akahesabu: mpaka ishirini, bila kumsaidia mtu. Mzee anavaa koti la kahawia lenye viraka vya ngozi viwikoni.

Viraka navyo? Ndiyo, usicheke. Mtu aliyeshikwa pabaya hachagui. Kwa Hiyo alipeleka koti lake kwa fundi cherehani, akataka viraka viwili viwikoni. Fundi aliligeuza koti, akaligeuza tena.

"Mbona halijachanika?"

"Wewe weka tu."

"Kaka, mimi naziba matundu. Nikilichana kwanza, utalipia kulichana?"

Lakini jambo lililomvutia kuliko yote lilikuwa makosa. Katika kila kipindi, lazima Mzee Desimali akosee ubaoni. Mara anasahau alama ya kutoa, mara namba ya mstari wa juu inashuka mstari wa chini ikiwa nyingine. Na hapohapo, kabla chaki haijainuka, sauti inatoka: "Mwalimu, hapo!" Mzee anageuka. "Wapi?" "Mstari wa tatu, Mwalimu." "Njoo unionyeshe." Mtoto anakwenda, anafuta, anarekebisha, anawaeleza wenzake kwa nini. Siku nyingine ni msichana wa mbele, siku nyingine kijana ambaye ukimwona huwezi kumdhania. Hakuna aliyelala. Darasa zima lilikaa chonjo, macho yote ubaoni, kama walinzi.

Kwa Hiyo alipigia mstari mara mbili kwenye daftari lake: *Anakosea makusudi. Hii ndiyo siri.* Jioni ile alikula mara mbili.

Wiki iliyofuata aliingia darasani kwake na koti la viraka, akafuta ubao, akavunja chaki, kisha akaandika kwa utulivu kwamba saba mara nane ni hamsini na nne. Akasimama kando. Akahesabu mpaka ishirini. Hakuna aliyesema kitu. Akahesabu mpaka hamsini. Kalamu zilisikika zikinakili. Akajisemea labda wataliona kesho, akaendelea na somo.

Kesho yake alikuja baba wa mwanafunzi, daftari la mwanawe amelikunja mkononi.

"Mwalimu," alisema mlangoni, watoto wote wakisikia, "nyumbani kwetu saba mara nane ni hamsini na sita. Hapa kwenu imeshuka bei?"

Darasa lilicheka mpaka mkuu wa shule akatoka ofisini. Watoto arobaini na mmoja walikuwa wamenakili hamsini na nne. Kwa Hiyo alijitia hamnazo, akasema ni bahati mbaya, lakini masikio yalimwaka moto mpaka jioni.

Mtu mwingine angekata tamaa. Huyu alirudi kwenye kiti chenye misumari, akatazama tena. Akaona kwamba makosa ya Mzee Desimali yanashikwa kwa sababu walioko mbele yake wanajua kitu. Wake hawajui kitu, au wanajua na yeye hajui wanajua nini. Kwa hiyo, kama mwenyewe angesema, itabidi ajue. Akaanza kubeba madaftari nyumbani, yote arobaini na moja, na kuyasoma kweli, si kuyapigia vyema kwa mbio kama zamani. Aligundua kuna mtoto anayejua sehemu vizuri lakini hasomi desimali hata kidogo. Kuna mwingine anapata majibu sahihi kwa njia ya ajabu aliyoitunga mwenyewe. Kuna wawili wanaonakiliana, na wanakosea kwa zamu. Akaanza kutega makosa mahali ambapo fulani na fulani lazima wayaone.

Na siku moja, mvulana mmoja wa nyuma kabisa, ambaye sauti yake Kwa Hiyo hakuwahi kuisikia, aliinua kichwa kutoka mezani. "Mwalimu, hapo. Ukihamisha, alama si inageuka?"

"Wapi?" aliuliza Kwa Hiyo.

"Hapo kwenye nne."

"Njoo unionyeshe."

Darasa lililipuka. Kuanzia hapo ikawa mchezo: wakawa wanamvizia. Walimkosoa hata pale alipokuwa sahihi, na ikabidi abishane nao, na katika kubishana wakajifunza. Walifurahi sana kumkamata mwalimu wao. Mwizi angeonewa huruma zaidi.

Katika miezi hiyohiyo, makosa ya Mzee Desimali yaliongezeka. Kwa Hiyo aliyaandika yote kwa heshima kubwa. Siku moja mzee aliandika swali ambalo walilimaliza dakika kumi zilizopita. Kiranja wa darasa, msichana mrefu mwenye miwani, alisema taratibu, "Mwalimu, hilo tumeshalifanya." Mzee alikaa kimya, kisha akajibu: "Najua. Nataka kuona kama nyinyi mnajua." Kwa Hiyo aliandika: *Kurudia swali. Mbinu mpya.* Wiki ile naye akarudia swali darasani kwake, na alipoambiwa tumeshalifanya, akatoa jibu lilelile, mpaka na ule ukimya wa kabla yake. Siku nyingine mzee alimwita kiranja kwa jina la dada yake aliyemaliza shule zamani. Mbinu nyingine.

Mama Pacha alilisoma daftari hilo siku moja akisubiri rangi ya nywele ikauke kichwani kwa mteja. Alisoma kurasa za mwanzo akitabasamu. Kuelekea mwisho tabasamu likakatika.

"Baba Pacha, huyu mzee ana miaka mingapi?"

"Hamsini na nane. Kwa nini?"

"Baba yangu alianza hivihivi. Alikuwa akiuliza viatu vyake viko wapi, na amevivaa." Alifunga daftari. "Hizi si mbinu."

"Wewe ni msusi," alisema Kwa Hiyo. "Niachie mambo ya shule."

Lilikuwa neno baya, na alilijua likiwa bado mdomoni. Mama Pacha alimaliza kichwa cha mteja wake, na chakula usiku ule kilipakuliwa kwa kelele za sahani. Ukweli ni kwamba Kwa Hiyo hakutaka kusikia. Mtihani ulikuwa umebaki wiki tatu, darasa lake lilikuwa limeamka, na mtu anayevuka mto hataki kuambiwa lolote kuhusu daraja.

Mtihani ukafanyika. Matokeo yakabandikwa kwenye ukuta wa nje ya ofisi, na walimu walisukumana kuyasoma kuliko wanafunzi. Mkondo wa nne ulikuwa wa pili. Si wa tatu, wa pili! Kwa Hiyo alisoma mara tatu kwa kidole. Mkuu wa shule alipita nyuma yake, akasimama. "Naona stoo itakusubiri," alisema, na kwa kipimo chake hiyo ilikuwa sherehe.

Alikwenda moja kwa moja kwa Mzee Desimali. Mzee alikuwa peke yake chumba cha walimu, anatafuta kitu kwenye droo, anaifunga, anaifungua tena.

"Mzee, kwa hiyo nimekuja kushukuru. Mimi nilikuwa wa kutupwa, na wewe umeniokoa. Ile siri yako nimeiiga, na imekubali."

"Siri gani?"

"Ya makosa."

"Makosa gani?"

Kwa Hiyo alicheka, akidhani anataniwa. Akaanza kueleza, huku akicheka: makosa ya ubaoni, yale unayoweka kila kipindi ili watoto wakushike, na lile la kurudia swali. Alipofika kwenye jina la dada yake kiranja aliona uso wa mzee, akaacha kucheka. Hajawahi kumwona mtu mzima akiogopa namna ile, mchana, ameketi kitini kwake.

"Nilidhani ni moja moja," alisema mzee. "Kila mtu anakosea moja moja." Kisha akanyoosha mkono. "Uliandika. Nilikuona unaandika. Lete."

Hapakuwa na pa kujificha. Kwa Hiyo alilitoa daftari kwenye mfuko wa koti. Mzee alivaa miwani na kulisoma kuanzia mwanzo, polepole, kama anayesahihisha. Nje watoto walikuwa wakipiga kelele za mapumziko. Kuna mahali alichukua kalamu ya Kwa Hiyo na kuweka alama.

"Hili la mwezi wa pili si kosa. Ni wewe hukuelewa."

"Ndiyo, mzee."

Akaendelea kusoma. "Umeweka tarehe."

"Ndiyo."

"Vizuri." Alifika ukurasa wa mwisho, akarudi wa kwanza, akalinganisha. Mtu wa hesabu ni mtu wa hesabu. Aliona mwenyewe mstari unavyopanda. "Yanaongezeka," alisema. "Mwezi wa pili mawili kwa wiki. Sasa tisa." Alivua miwani, akayakandamiza macho kwa vidole. "Daktari ataniuliza tangu lini. Nitamwachia hili daftari, unaruhusu?"

Kwa Hiyo alitaka kusema samahani, ikagoma kutoka. Alitaka kumwambia kwamba kuna mtu alimwonya, na kwamba yeye aliziba masikio kwa sababu ya nafsi yake. Hilo nalo halikutoka. Alisema, "Chukua, mzee," na mzee akachukua. Jioni ile alimwambia mkewe kila kitu, akamwomba radhi, na Mama Pacha akasema neno moja tu: "Maskini." Hakusema ni nani.

Mzee Desimali alikwenda hospitali, akarudi na barua, na mwezi huohuo akaomba apumzishwe. Hakutaka sherehe. Aliaga chumba cha walimu kwa kumshika kila mtu mkono, na mwalimu wa michezo alimshika mara mbili, kila mara akiitwa kwa jina tofauti.

Kidato cha Nne kilibaki bila mwalimu, na mtihani wa mwisho haukuwa mbali. Mkuu wa shule hakufikiri sana. "Wewe ulikaa kwake nusu mwaka," alimwambia Kwa Hiyo. "Unafundisha kama yeye, hata koti unalo. Chukua darasa."

Darasa la Mzee Desimali! Walimu waliomcheka mwaka jana walimpa mkono. Asubuhi ya kwanza aliingia kimya, akafuta ubao, akavunja chaki, akawageukia watoto thelathini na wanane waliokaa wima, macho mbele. Akaandika swali la mabano, akaanza kulifungua, na mstari wa pili akaacha namba moja makusudi, kosa zuri, kosa ambalo hata wa mwisho wao asingelikosa. Akaenda kando. Akasubiri.

Kimya. Akahesabu mpaka ishirini. Hakuna kalamu iliyotembea. Hakuna aliyenakili na hakuna aliyeita. Waliutazama ubao, kisha wakamtazama yeye.

Kiranja alisimama.

"Mwalimu, wewe huumwi," alisema. "Tuandikie sawa."

Hakulisema kwa jeuri. Alilisema kama anayemwambia mtu kwamba kamba ya kiatu chake imefunguka.

"Mlijua?" aliuliza Kwa Hiyo.

"Tangu mwaka jana, Mwalimu, alipokuwa akitufundisha Kidato cha Tatu." Msichana aliwaangalia wenzake, na mmoja akaitikia kwa kichwa kwamba aseme. "Siku ya kwanza alipokosea alitoka nje, akasimama koridoni muda mrefu. Tukakubaliana asikwame tena. Tukawa tunasoma somo la kesho kabla yake. Watu wanne kila jioni, kwa zamu, wale wanaojua na wale wasiojua. Akikosea, wa zamu anaita harakaharaka, kabla hajajiona."

"Na hamkumwambia mtu?"

"Wangemwondoa."

Miezi sita Kwa Hiyo alikaa kwenye misumari akiandika kila kitu, mpaka viraka. "Aliwafanyia nini," aliuliza mwishowe, "mpaka mkamfanyia hivyo?"

Swali lile liliwashinda. Walitazamana. Nyuma kuna aliyeanza kulia bila sauti, akageuzia uso dirishani. Kiranja alisubiri kama kuna wa kumsaidia, kisha akajibu mwenyewe.

"Tulikuwa tunampenda tu, Mwalimu."

Akaketi. Kwa Hiyo aliugeukia ubao, akaufuta mstari wa pili kwa kiganja, akauandika upya, sawa. Vichwa thelathini na vinane viliinama, wakaanza kunakili. Alisimama pale akiwaangalia, na hakuna aliyekuwa akimwangalia yeye.